Raba Nyeupe za Marehemu

Kwaru, kwaru, kwaru.

Niliisikia sauti hiyo kabla sijaufikia mlango wa uani, ndoo ya rangi mkononi, ngazi begani. Ilikuwa sauti ya brashi ngumu, inakwenda, inasita, inakwenda tena kwa hasira zaidi. Nikadhani ni sufuria iliyoungua. Nikatabasamu peke yangu, maana asubuhi ile nilikuwa mtu wa kutabasamu hata kwa paka wa jirani.

Nilikuwa na sababu. Siku hiyo nilikuwa nakwenda kupaka mkono wa mwisho chumba cha marehemu, na Mama, mzazi wa binti ninayempenda, alikuwa ametamka kwa kinywa chake, Shangazi akiwa shahidi, kwamba nikikimaliza niwaambie wazee wangu waje kuleta posa. Mwanamke ambaye mwaka mzima hakunipa jina zaidi ya "yule mtu wa ngazi", aliyemwambia binti yake kwamba hakumsomesha unesi ili aje kufua ovaroli za mtu, huyo huyo alikuwa amenikabidhi ufunguo wa chumba cha mwanawe mkubwa. Tangu mazishi hakuna aliyeruhusiwa kufungua hata dirisha la chumba kile. Kuvu nyeusi ilikuwa imepanda ukutani kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno. Niliikwangua, nikaiosha, nikapaka mkono wa kwanza kwa uangalifu wa mtu anayempaka mtoto mafuta. Mtaani wananiita Chokaa, na jina hilo sijawahi kuliona tusi. Nyumba wanazoringia zote zimepita mikononi mwangu.

Nikasukuma mlango kwa goti.

Mama alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni, kanga imelowa mpaka mapajani. Brashi ya kufulia mkononi, na ndani ya beseni, katikati ya povu la sabuni ya mche, kiatu. Cha pili kilikuwa juu ya jiwe la kufulia, kimeelekezwa mlangoni kama kinanisubiri. Kilikuwa cha manjano. Manjano ya meno ya mvuta tumbaku, yenye mabaka, yaliyokolea kwenye mishono na puani mwa kiatu.

Ngazi ikawa nzito begani.

Raba zile nilizijua. Jana yake nilikuwa nasogeza kitanda cha marehemu, na Nesi alikuwa akinisaidia kushika upande wa pili. Nesi ndilo jina nililompa binti wa mwisho wa nyumba ile tangu siku aliyoanza mafunzo, na sasa hata Shangazi analitumia. Akainama, akazitoa chini ya kitanda: raba nyeupe za turubai, soli za mpira, viatu vya kazi vya dada yake, alivyovivaa wodini mpaka alipougua yeye mwenyewe na kulazwa wodi ile ile. Mama na Shangazi walikuwa wametoka. Nesi akanieleza kwamba Jumamosi wanakula kiapo cha unesi, kwamba viatu vyeupe ni lazima, na kwamba anataka kusimama mbele za watu akiwa ndani ya viatu vya dada yake.

"Ning'arishie," aliniambia. "Mama azikute kama mpya. Afurahi kidogo, jamani, hata kidogo."

Aliponitazama namna ile, angeniambia nikang'arishe mkaa ningeuliza sabuni iko wapi.

Na weupe ndio kazi yangu. Kuvu ya ukutani huuawa kwa klorini kali. Unaipaka, unaliacha jua lipige, ukuta unatoka mweupe. Nikazifanya raba zile vile vile. Nikazitumbukiza kwenye ndoo yangu ya klorini, nikazitoa bila kuzisuuza kwa sababu ukuta hausuuzwi, nikaziweka dirishani juani. Nilipofunga kazi zilikuwa bado mbichi, nyeupe kiasi cha kuumiza macho. Nesi alisema atazichukua mwenyewe akitoka zamu.

Mama akatangulia.

"Shikamoo, Mama."

Hakuitikia. Shangazi, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi za mlango na ungo wa mchele mapajani, alinionya kwa nyusi. Nyuma yake, mlangoni, Nesi alikuwa amesimama na sare ya kazi, mkoba bado begani. Ilionekana ameingia muda mfupi tu kabla yangu.

Mama akaiacha brashi ndani ya maji.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Mama."

"Nani alikupa?"

Swali lenyewe hilo tu. Nilimtazama Nesi. Sikumtazama kwa kumshitaki, naapa. Nilimtazama kama mtu aliye juu ya ngazi anavyomtazama aliyeishika chini. Nilitaka tu nione kama mikono yake ipo.

Akainamisha macho kwenye vidole vya miguu yake.

Mtu anaweza kuanguka huku amesimama wima. Mimi nilianguka pale.

"Hakuna aliyenipa," nikasema. "Niliziona nilipokisogeza kitanda. Nikaona ni chafu."

Shangazi akaacha kupepeta.

"Ukaingiza mkono chini ya kitanda cha mwanangu," Mama akasema taratibu, kana kwamba anarudia maneno ya mtu mwingine ili ayaelewe. "Mwizi angekuwa na nafuu. Mwizi angeondoka nazo zilivyo."

Ningeweza kupiga magoti. Wapo wanaume wanaojua kupiga magoti, nao hufika mbali. Mimi nilimwambia nitazitengeneza. Akacheka, kicheko kikavu kisicho na pumzi, akaitoa raba iliyokuwa majini, akaishika na mwenzake, akaziweka zote mbili juu ya kifuniko cha ndoo yangu ya rangi, maji yakichuruzika.

"Zichukue. Hizi si za mwanangu tena, sizijui. Na hao wazee wako waambie wakae kwao wapumzike. Safari ni ndefu."

Wazee wangu wanakaa mtaa wa pili.

Nilimtazama Nesi mara ya mwisho. Alikuwa bado anahesabu vidole.

Nje, Shangazi alinikimbilia, ungo ungali mkononi, punje za mchele zikimwagika njiani. Ni dada wa marehemu baba yao, na katika nyumba ile nzima ndiye pekee aliyeniita mkwe kabla ya mtu yeyote kutoa ruhusa.

"Mkwe, kichwa chako kimejaa rangi tupu. Ukuta unavaliwa mguuni?"

Nikamwambia sina moyo wa utani. Akasema hahitaji moyo wangu, anahitaji masikio yangu, na akanishika mkono wa shati mpaka nikasimama. Akanieleza kwamba klorini isiposuuzwa hubaki ndani ya turubai, na jua likiipiga ndipo hugeuka manjano. Nikazisuuze kwa maji matupu, nibadilishe maji tena na tena, mpaka nizinuse nisisikie harufu hata ya kudhania. Ndipo nitie siki kidogo kwenye maji mengine. Na ole wangu nikiharakisha, kwa sababu siki na klorini hazikai beseni moja. Zikikutana hutoa mvuke wa kumbana mtu kifua. Kisha nikoroge soda ya unga, ile ya kuumulia keki, na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, uji mzito, nisugue kwa mswaki laini uliochakaa. Brashi ngumu ya wifi yake ingetoboa kitambaa bure. Mwisho nizivishe karatasi nyeupe za chooni, nizikaushe kivulini. Manjano yanayobaki hupanda kwenye karatasi.

"Kivulini," akarudia. "Nawe kaa nazo hapo hapo, jua lisikuone."

Akageuka kuondoka, kisha akarudi hatua moja.

"Na kuhusu nani alikupa, mimi ni mzee, si kipofu."

Nikaihamishia ngazi bega la pili.

"Haya. Ukitaka kufa nalo, kufa nalo. Ila hakuna jeneza linaloutosha uongo."

Ninapokaa ni chumba kimoja kwenye ua wa wapangaji wengi, bomba moja katikati, na foleni ya ndoo isiyokwisha. Nilikaa kibarazani kwangu na beseni, nikaanza kusuuza. Mwenye chumba cha pembeni, fundi saa mwenye maneno kuliko redio, aliuliza kama nimeacha kupaka nyumba nimeanza kufulia wanawake viatu. Nikaendelea kusuuza, akajiona ameshinda.

Nilisuuza mpaka vidole vikakunjamana. Nikanusa. Bado. Nikasuuza tena. Harufu ilipokufa kabisa nikatia siki, nikaziacha zinywe, kisha nikakoroga ule uji wa soda kwenye bakuli bovu, nikachukua mswaki. Sasa ndipo nilipozitazama raba zile kwa mara ya kwanza. Jana nilikuwa nimeona uchafu tu. Leo niliona soli zimelika upande wa nje, kisigino cha kushoto zaidi ya cha kulia. Ndani, vidole vyake vilikuwa vimeacha vishimo, kila kimoja mahali pake.

Nilimfahamu marehemu. Siku moja nilikuwa juu kabisa ya ngazi kwenye ukuta wa duka, akapita akitoka kazini na raba hizi hizi, akapaza sauti kutoka chini: "Shemeji, usidondoke, wodini vitanda vimejaa." Akaendelea na safari yake huku anacheka. Ni yeye aliyekuwa ameniita shemeji, wakati huo Nesi mwenyewe hata hajanikubali.

Nikasugua polepole. Manjano yalianza kulegea. Uji wa soda uligeuka rangi ya chai ya maziwa, nikaufuta, nikapaka mwingine.

Kivuli kikaniangukia mikononi.

Nesi hakuwa amelala. Sare ilikuwa ile ile, macho yamevimba. Hakuuliza kama anaweza kukaa. Alichuchumaa upande wa pili wa beseni, akazichukua kamba za viatu nilizokuwa nimezichomoa, akazitia kwenye kikombe cha maji ya sabuni, akaanza kuzifikicha moja moja. Tukafanya kazi kama watu wasiojuana walioajiriwa siku moja.

"Nimemwambia Mama," akasema mwishowe.

Nikaendelea kusugua.

Alisema hakuweza hata kuvua sare. Nilipotoka tu alimfuata Mama chumbani kwa marehemu, akamkuta ameegemea ukuta wangu mweupe, akamweleza yote: kitanda, raba, kiapo, kwamba yeye ndiye aliyezitoa na kunipa. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akasema kumbe ni mikono ya watu wawili iliyoingia chini ya kitanda kile, na mmoja wao amesimama uani kwake akamdanganya macho makavu. Mwanaume anayekudanganyia watu vizuri hivyo leo, alimwambia, kesho atakudanganya wewe vizuri hivyo hivyo. Posa isije.

Nilihisi kicheko kinanipanda, kichungu kama nyongo. Nimesema uongo mmoja katika nyumba ile, na huo ndio uliokuwa wa kumlinda mtoto wao.

"Kuna jingine," Nesi akasema. "Unakumbuka doa la kahawia? Kiatu cha kulia, hapa puani."

Nililikumbuka. Ndilo nililolishambulia kwanza. Nililimwagia klorini kavu, bila maji, nikasimama nikiliangalia linavyotoweka, nikajisifu.

"Ni dawa ya vidonda. Ilimdondokea siku ya mwisho aliyokwenda kazini. Alirudi analalamikia hilo doa, akasema kesho ataliosha. Asubuhi hakuamka vizuri." Alikuwa ameacha kuifikicha kamba. "Sikujua, Chokaa. Kumbe Mama nikiwa zamu huwa anazitoa. Analigusa lile doa kwa kidole, anazirudisha. Ameniambia leo. Amesema: hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza kama nataka ziwe nyeupe."

Nikakitazama kiatu cha kulia. Kilikuwa kinakuja vizuri. Njia ya Shangazi ilikuwa ya kweli, manjano yalikuwa yanakimbia, na nyuma yake turubai ilikuwa inatoka nyeupe, safi, tupu. Hapakuwa na soda wala siki ya kulirudisha doa lile. Nimepaka nyeupe tangu nilipoweza kushika brashi, na siku ile ndiyo ya kwanza kuiogopa.

Nikauweka mswaki chini.

"Ulitazama chini," nikasema.

"Najua."

"Mama yako amenitukana mwaka mzima, sikuumia. Aliyekwisha lowa haogopi mvua. Leo nimeumia, na si yeye aliyeniumiza."

"Najua, nimekwambia."

"Ungeniambia mapema nibebe, ningebeba. Ningesema nimezitoa chini ya kitanda, ningesema nimezitoa kaburini ukitaka. Lakini niliangalia nione kama upo, na hukuwepo."

Majirani kwenye foleni walikuwa wamepunguza sauti. Fundi saa alijifanya anatafuta kitu kwenye kizingiti chake.

Nesi akajifuta pua kwa mgongo wa mkono wenye povu. "Niliogopa."

"Uliogopa nini? Angekupiga?"

"Bora angenipiga. Tangu Dada afe, Mama ananitazama kama mtu anayepapasa mfuko kuona kama kilichomo bado kimo. Kila nikiingia, kila nikitoka. Niliona nikisema ni mimi, jicho hilo litaniacha. Atabaki hana mtoto hata mmoja wa kumtazama." Akaikamua kamba. "Halafu nikakuona unaondoka na ngazi, nikaona kumbe nimebaki mimi ndiye sina mtu."

Yapo maneno ambayo mwanaume mwerevu huyajibu kwa kukumbatia. Nami nilitaka, Mungu anajua. Mkono wake ulikuwa juu ya ukingo wa beseni, kiganja kimoja kutoka kwangu. Lakini kiburi changu ndicho kitu pekee nilichokirithi, na sikukipata rahisi.

"Ukuta ukiwa na unyevu kwa ndani," nikasema, "ukiupaka unapendeza siku ya kwanza. Mvua ikija, rangi yote inabanduka. Fundi anayejiheshimu hapaki. Anangoja ukauke."

"Kwa hiyo mimi ni ukuta."

"Wewe ni nyumba nzima. Ndiyo maana naogopa kuipaka juu juu."

Hapo ndipo alipolia. Hakulia kwa sauti, mabega tu. Nikachukua ile karatasi ya chooni, nikakata kipande nikampa, akajifuta. Kisha bila kusemezana tukaanza kuzivisha raba. Yeye alishika, mimi nikazungusha. Karatasi ililowa mara moja, ikashika mwili wa kiatu, tukaongeza tabaka la pili, na la tatu. Vidole vyetu viligusana penye kisigino, vikabaki hapo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Zilipokwisha zilifanana na miguu ya mgonjwa iliyofungwa bandeji. Sote wawili tuliliona hilo, hakuna aliyelisema. Nikaziweka nyuma ya mlango, pasipofika jua.

"Utarudi?" akauliza.

"Zikikauka nitazirudisha mwenyewe, sitamtuma mtu. Nitasimama pale pale uani nimwambie nilidanganya, na kwa lile doa nimwombe radhi, aniseme mpaka achoke. Na chumba nitakimalizia, akikubali, kwa sababu kazi yangu siiachi nusu." Nikajifuta mikono kwenye ovaroli. "Kuhusu mimi na wewe, sijui. Sitaki kukudanganya. Nimeshadanganya kwa ajili yako leo, na umeona faida yake."

Aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Akasimama, magoti ya sare yake yamelowa, akauweka mkoba begani. Nilidhani anaondoka. Akapiga hatua mpaka kwenye ukingo wa kibaraza, akageuka, na kwa mara ya kwanza siku ile akanitazama usoni, macho mekundu, wazi, hayapepesi. Kwenye foleni maji yalikuwa yanafurika ndoo ya mtu na mwenyewe haoni.

"Nakuahidi," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka bombani, "siku utakaposimama pale uani, nitakuwa nimesimama ubavuni kwako. Mama akiuliza, wa kwanza kujibu nitakuwa mimi. Na asipouliza, nitasema. Hata kama wewe hunitaki tena, Chokaa, nitasema, kabla hujafungua mdomo wako."